Boma la mlimani na kadi za posta za zamani

Kwa Watanzania wengi neno "bomani" husikika zaidi wakati wa ndoa. Vijana wawili wakiwa na dini tofauti, au wazazi wa upande mmoja wakiwa wagumu, huenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya na mashahidi wao. Jioni mtaani watu husema, "Wamefunga bomani." Wachache huuliza boma lenyewe ni nini. Asili yake ni uzio wa miiba, miti au mawe, wa kuzuia ng'ombe wasitoke na simba asiingie. Serikali ya kigeni ilipofika ikajizungushia ukuta, nayo ikaitwa boma. Mahali pengi ukuta umeshabomoka, jina limebaki.

Wiki hii nawaalika, wasomaji, tusafiri kwa njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni barabara ya kutoka Ifakara kuvuka Mto Kilombero hadi Mahenge, juu mlimani, yalipokuwa makao ya serikali ya bonde zima kwa miaka mingi. Ya pili ni kadi za posta za zamani, zile karatasi ngumu zenye picha upande mmoja na anwani upande wa pili. Zimehifadhi sura za majengo ya serikali kuliko sura za watu waliotawaliwa ndani yake.

Kadi za majengo ya wakubwa

Kupiga picha jengo la serikali na kuliuza kama kadi si jambo la Afrika peke yake. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina jengo lake kuu la kutungia sheria. Mengi kati ya majengo hayo yana kuba kubwa juu, kwa kuiga lile la Washington. Mwanzoni mwa karne ya 20 kadi za majengo hayo zilichapishwa kwa wingi. Kampuni ya Curt Teich ya Chicago, iliyoanza mwaka 1898, ilijipatia jina kwa kadi za miji na majengo ya nchi nzima. Msafiri alinunua kadi ya makao makuu ya jimbo, akaandika "nimefika salama", akaituma nyumbani.

Huku kwetu kazi hiyo ilifanywa pwani. Zanzibar kulikuwa na studio ya familia ya Gomes, yenye asili ya Goa. Dar es Salaam, wakati wa Wajerumani, walikuwapo wapiga picha kama Walther Dobbertin, aliyefika mwaka 1903, na studio ya Vincenti. Waliuza picha za bandari, minazi, kanisa, jumba la gavana na maboma. Juu ya kadi nyingi palichapishwa maneno ya Kijerumani "Gruss aus Daressalam", yaani "Salamu kutoka Dar es Salaam". Vituo vya bara vilipigwa picha pia, lakini kwa uchache, kwa sababu kufika huko kulihitaji wapagazi, siku nyingi za mguu na mwanga wa bahati.

Weka kadi ya jengo la jimbo la Marekani pembeni ya kadi ya boma la Kijerumani, utaona tofauti hata kama hujui kusoma maandishi yake. La Marekani lina ngazi pana mbele, kama linalosema "panda". La Kijerumani lina ukuta mnene, lango moja na, mara nyingi, matundu membamba ya kupitishia mtutu wa bunduki. Jengo la kwanza lilijengwa na watu waliotaka kuonekana wamechaguliwa. La pili lilijengwa na watu waliojua hawakuchaguliwa.

Kuna jambo jingine. Kadi nyingi za maboma zimepigwa kwa mtindo mmoja: jengo katikati, bendera juu, uwanja uliofagiliwa mbele, labda safu ya askari wamesimama wima. Aliyefagia uwanja haonekani. Aliyebeba mawe haonekani, wala aliyekuja kulipa kodi akalala nje siku mbili akisubiri kuitwa. Ukiiangalia kadi hiyo unaweza kudhani serikali ilikuwa nyumba tupu.

Kutoka mpunga hadi ukungu

Ukitoka Ifakara asubuhi kwenda Mahenge, kilomita za kwanza ni tambarare. Kushoto na kulia ni majaruba ya mpunga, ule unaotoa mchele unaotafutwa hadi Dar es Salaam na Morogoro. Bonde hili ni moja ya maeneo oevu makubwa Afrika Mashariki. Mwaka 2002 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar likiwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000. Ndiko anakoishi sheshe, swala mwekundu wa mbugani ambaye katika nchi yetu makazi yake makubwa ni hapa. Mvua zikikolea, maji huja hadi milangoni. Wandamba, wavuvi wa asili wa bonde, wanajua mto huu kwa majina na kwa tabia.

Halafu unafika mtoni. Leo unavuka juu ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018. Dereva hapunguzi hata mazungumzo. Lakini waliozaliwa kabla ya hapo wanajua maana ya kusubiri kivukoni. Kulikuwa na pantoni, na kabla ya pantoni kulikuwa na mitumbwi, viboko, na maji yanayopanda usiku mmoja tu. Januari 2016, daraja likiwa bado linajengwa, kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka katika upepo mkali. Siku hiyo wengi walikumbuka kwamba mto huu haujawahi kuzoeleka.

Baada ya Lupiro barabara inaanza kutafuta milima. Joto la bondeni linabaki nyuma, miti inabadilika, hewa inapoa. Mahenge iko juu, mara nyingi ndani ya ukungu. Ukisimama hapo jioni, ukatazama bonde lililolala chini kama mkeka uliokunjuliwa, unaelewa mara moja kwa nini Mjerumani alipachagua. Ni baridi, mbu ni wachache, na anayekuja kutoka bondeni anaonekana kabla hajafika.

Kwa mkazi wa Ifakara, basi, serikali ilikuwa kitu cha kupandiwa. Kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898, ilidaiwa kwa rupia, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi. Kesi ilisikilizwa mlimani. Kifungo kilikuwa mlimani. Kati ya mtu na serikali yake kulikuwa na mto wenye mamba na mlima wenye mawe.

Jambo moja halisomeki kwa urahisi kwenye kadi. Maboma mengi ya Tanganyika yalihamishiwa kwa maofisa wa kiraia mapema, lakini Mahenge na jirani yake Iringa yalibaki wilaya za kijeshi karibu hadi Vita Kuu ya Kwanza. Mtu mmoja, ofisa wa jeshi, alikuwa kamanda, hakimu na mkusanya kodi. Ukiona kadi ya zamani yenye neno "Militärstation" chini ya picha ya jengo, maana yake ni kituo cha jeshi. "Bezirksamt" ni ofisi ya wilaya ya kiraia. Neno moja dogo la maelezo linakuambia kama bibi yako wa kuzaa bibi alihukumiwa na karani au na kapteni.

Siku ukuta ulipofanya kazi yake

Tarehe 30 Agosti 1905 boma la Mahenge lilishambuliwa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza Umatumbi mwezi uliotangulia, vikapita kama moto wa nyika. Huku bondeni kituo kidogo cha askari cha Ifakara kilikuwa kimevamiwa mwezi huohuo. Sasa Wapogoro na Wambunga walipanda kwa maelfu, kwa makundi mawili, wakiwa na mikuki, bunduki za kushindilia na maji ya dawa waliyoamini yangegeuza risasi kuwa maji. Ndani ya boma alikuwapo Kapteni Theodor von Hassel na askari wake, pamoja na wamisionari waliokimbia kutoka Kwiro, misheni ya jirani iliyoanzishwa mwaka 1902. Walikuwa na bunduki mbili za rashasha.

Sihitaji kueleza kwa urefu kilichotokea. Waliokuja walikuwa wanatembea kwenye uwanja ule uliofagiliwa, uwanja uleule unaoonekana mtupu na safi kwenye picha za maboma. Uwanja mtupu mbele ya ukuta haukuwekwa kwa ajili ya uzuri. Boma halikuanguka. Lilizingirwa hadi tarehe 23 Septemba, Kapteni Nigmann alipofika na kikosi kutoka Iringa.

Baadaye msanii wa Kijerumani, Wilhelm Kuhnert, alichora shambulio la Mahenge kwa rangi, na mchoro huo umesambaa sana vitabuni na kwenye mtandao. Lakini hata hapo tunatazama kutokea upande wa wenye bunduki. Msomaji wa picha ajiulize kila mara: aliyeshika kamera au brashi alisimama upande gani wa ukuta?

Kwetu bondeni swali hilo si la darasani tu, kwa sababu jibu linapita katikati ya familia. Wapogoro na Wambunga wengi walikuwa nje ya ukuta. Mtema Kiwanga wa Wabena wa bondeni alisimama upande wa Wajerumani. Askari waliokuwa ndani walikuwa Waafrika, na baadhi yao waliacha watoto huku. Leo wajukuu wa pande zote hizo wameoana, wanalima majaruba yanayopakana, wanasali pamoja. Msibani hukaa mkeka mmoja. Ndiyo maana wazee wengi waliamua kunyamaza. Ukimya ule ulikuwa wa hekima, ulijenga ujirani. Lakini ukimya una gharama yake pia: vijana wanabaki na kadi ya posta tu, na kadi ya posta ilitengenezwa na upande mmoja.

Baada ya mapigano lilikuja jambo baya zaidi, njaa. Jeshi lilichoma vijiji na mashamba ili kuwaminya watu wajisalimishe. Hesabu ya serikali ya Kijerumani yenyewe ilitaja vifo 75,000 katika vita vyote vya Maji Maji. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria hadi 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Sijawahi kuona kadi yoyote yenye maneno "Salamu kutoka kwenye njaa".

Bendera zikabadilika mlangoni. Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Mahenge baada ya Wajerumani kuondoka. Kisha Waingereza wakachukua Tanganyika, wakaliita eneo hili Wilaya ya Ulanga, na Mahenge ikaendelea kuwa makao yake. Mwingereza alitumia machifu kuliko ukuta. Mwaka 1935 A. T. na G. M. Culwick walichapisha kitabu juu ya Wabena wa bonde hili, chenye sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Kwa mara moja, mtu wa hapa alizungumza ndani ya kurasa badala ya kusimama tu mbele ya kamera.

Bendera yetu ilipandishwa Desemba 1961. Hata hivyo mtu wa Ifakara aliendelea kuvuka mto na kupanda mlima kufuata ofisi ya wilaya, hadi miaka ya 1970 Kilombero ilipokatwa kutoka Ulanga na Ifakara kuwa makao ya wilaya mpya. Miaka hiyohiyo reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilipita bondeni na kuweka stesheni Ifakara. Serikali ikateremka mlimani. Katika historia ya bonde hili, huenda hakuna jambo lililobadilisha maisha ya kawaida ya watu kama hilo. Nalo halikuchapishiwa kadi.

Karatasi inapoishi kuliko jiwe

Mtu anaweza kusema: kama kadi hizi zinatuficha mambo, tuzitupe. Hapana. Kadi ni shahidi mwenye upendeleo, lakini ni shahidi. Kadi za Dar es Salaam za kabla ya 1914 zinaonyesha jumba la gavana ambalo halipo tena, kwa sababu manowari za Uingereza zililipiga mizinga wakati wa vita. Ikulu tunayoijua leo ilijengwa upya mahali hapo na Waingereza na kukamilika mwaka 1922. Bila kadi na picha, wengi tungedhani ni jengo lilelile.

Zanzibar nako, Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa na mnara uliosimama peke yake mbele yake. Mnara huo uliharibiwa katika mashambulizi ya tarehe 27 Agosti 1896, na mnara wa saa tuliouzoea ukaunganishwa na jengo baadaye. Sehemu kubwa ya mbele, pamoja na mnara, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Anayetaka kujua jengo hilo lilivyobadilika hana budi kurudi kwenye picha za zamani.

Jirani zetu Iringa wametuonyesha njia nyingine. Boma lao la Kijerumani limegeuzwa makumbusho, na tangu mwaka 2016 mwanafunzi anaweza kuingia kwa lango lilelile, akatazama vitu vya Wahehe na majirani zao, akatoka bila kulipa kodi ya nyumba wala kuchapwa. Ukuta umebaki, kazi yake imebadilika.

Ukiikuta kadi sandukuni

Baadhi yenu mna kadi au picha za aina hii ndani ya sanduku la bati la babu, au kati ya kurasa za kitabu cha sala. Zitazameni kwa utaratibu.

Kwanza geuza. Kama upande wa anwani haukugawanywa kwa mstari, na ujumbe umebanwa pembeni mwa picha, kadi hiyo kuna uwezekano ni ya kabla ya 1905 au karibu na hapo, kwa sababu Ujerumani iliruhusu ujumbe upande wa anwani mwaka huo. Uingereza iliruhusu mwaka 1902, Marekani mwaka 1907. Tazama stempu. Yenye picha ya meli na bei kwa pesa ni ya kabla ya fedha kubadilishwa. Yenye bei kwa heller ni ya mwaka 1905 na kuendelea. Yenye herufi G.E.A. zilizogongwa juu ni ya kipindi cha Waingereza wakati wa vita na miaka michache baadaye. Yenye twiga ni ya Tanganyika, kuanzia 1922.

Pili, tazama kingo. Mpiga picha alichagua cha kuweka katikati, lakini hakuweza kuzuia kila kitu kuingia pembeni. Pale kwenye kona kuna mwanamke amebeba mtungi, mtoto nyuma ya mti, paa la nyasi lililopita nyuma ya ukuta, njia ya miguu inayoteremka. Hapo ndipo walipo watu wetu.

Tatu, mpelekee mzee. Usimuulize "hili ni jengo gani?" Hilo limeshaandikwa chini. Muulize: "Shikamoo babu, wewe ulifika hapa kufanya nini? Ulitoka nyumbani saa ngapi? Mto mlivukaje? Mlilala wapi? Nani alibaki na mji?" Maswali hayo hayaamshi ugomvi wa nani alikuwa upande gani. Yanaamsha safari, na katika safari majina hutoka yenyewe. Kama ana jambo zito la kusema, atalisema akiwa tayari.

Nne, andika. Tumia penseli laini nyuma ya picha, si kalamu ya wino inayovuja: jina, kijiji, mwaka kama unajulikana, na aliyekusimulia. Kisha piga nakala kwa simu na mtumie ndugu aliye mbali. Sisi wa bondeni hatuna sababu ya kuambiwa mara mbili: Aprili 2024 mafuriko yaliingia majumbani, na picha iliyolala kwenye maji usiku mmoja haifufuki. Weka juu, kwenye mfuko usiopitisha maji, si chini ya kitanda.

Na ukipata nafasi, panda Mahenge. Nenda na watoto, wavuke daraja wakiwa macho, waone mto. Mkifika juu pigeni picha, na msipige jengo tupu. Simameni mbele yake, wote, na mtu wa jirani akikubali asimame nanyi. Mkirudi Ifakara chapisheni hata moja tu, andikeni majina nyuma, kuanzia wa kushoto.